Mukubwa Naye Asindikizwe

SOMO KWA VIONGOZI NA KWA WAAMINI WOTE
Maandiko ya kusoma mbele ya somo: Kutoka 18:12-27, 2 Samweli 12:1-13, Matendo 18:24-26.



Ulizo lenye tunajibu leo limeletwa na waamini wetu wenye kutumika katika makampuni makubwa hapa Lubumbashi na kule Likasi na Kolwezi. Wanasema hivi: kampuni imefungua programu ya kukomalisha wakubwa wake katika uongozi. Si makarani, si mafundi, ni wakubwa wenyewe: madirekta, wakubwa wa idara, wale wenye kuweka saini. Kila mumoja anapewa mutu wa kumusindikiza muda wa miezi mingi. Wanakutana wawili tu, mulango umefungwa, na maneno yao hayapelekwi kwa mutu mwingine. Je, mwaamini mwenye kuongozwa na Roho anaweza kukubali jambo hilo? Na kama ni jambo zuri kwa kazi ya mushahara, juu ya nini halifanywi kwa viongozi wa kanisa?

Ulizo la kwanza linaogopesha watu juu ya habari za loji, na tutalijibu. Lile la pili linaogopesha watu zaidi, hata kama hawalisemi kwa sauti.

MUSA NA BABA-MUKWE WAKE

Tusome Kutoka 18 polepole. Musa si mwanafunzi tena. Ametoa watu katika Misri, amewapitisha katika bahari, wamekula mana, wamekunywa maji ya mwamba. Mungu anasema naye. Kama kuna mutu duniani mwenye angeweza kusema "mimi sina lazima ya mushauri," ni huyu. Na ndiye Biblia inatuonyesha ameketi mbele ya baba-mukwe wake, anasikiliza.

Tazameni vile Yetro alifanya kazi yake. Hakuanza kwa kufundisha. Alikula na watu, na kesho yake alikaa akaangalia siku nzima, toka asubuhi mpaka jioni, vile Musa anahukumu na vile watu wanasimama kumuzunguka. Kisha aliuliza: jambo gani hili unafanyia watu, na juu ya nini unaketi peke yako? Musa akajibu kwamba watu wanakuja kwake kumuuliza Mungu. Ni jibu la mutu mwema. Na pale ndipo ugumu wenyewe ulipo. Musa hakukosa kwa uvivu, wala kwa tamaa ya pesa. Alikosa kwa sababu ya wema wake: alipenda watu, alipenda haki, hakutaka mutu arudi bila jibu. Jambo lenye lilimupandisha ndilo lilianza kumuangusha.

Mufundishe mutoto, atakosa kwa sababu hajui. Lakini mukubwa, mara nyingi, anakosa kwa sababu anajua. Enjenyere mwenye alisifiwa miaka 20 kwa kutengeneza kila kitu kwa mikono yake mwenyewe, siku anapokuwa direkta anaendelea kutengeneza kila kitu kwa mikono yake, na watu 100 wanamungojea mulangoni.

Aroni alikuwa pale, na wazee wa Israeli vilevile (mstari 12). Biblia haisemi kwamba mumoja wao alimwambia Musa neno. Mwenye alisema ni mugeni, kuhani wa Midiani, mutu wa kabila lingine, mwenye hakuwa chini ya Musa na hakutafuta cheo kwake. Yetro alisema wazi kwamba jambo hilo halifai, kwamba Musa atachoka na watu watachoka pamoja naye, akatoa shauri la kuweka wakubwa wa elfu, wa mia, wa makumi matano na wa kumi. Tena aliliweka shauri lake chini ya amri ya Mungu (mstari 23). Kisha akarudi katika inchi yake (mstari 27). Mustari huo wa mwisho watu wanaupita mbio, lakini ni wa maana sana. Yetro hakubaki pale kuongoza Israeli akiwa nyuma ya Musa.

Kwetu, mugeni akiaga tunamusindikiza. Tunashika muzigo wake kidogo, tunazungumza njiani, tukifika kwenye barabara kubwa tunarudi, yeye anaendelea na safari yake. Ndiyo sababu katika somo hili tutamuita mutu huyo musindikizaji. Wenye kutumia Kifaransa wanamuita kwa jina lile la mutu wa mupira, kochi. Jina hilo nalo lina habari ya njia ndani yake: linatoka katika Kocs, kijiji cha Hungaria, kwenye walitengeneza magari ya farasi ya kubeba watu. Gari linakuchukua pale ulipo na kukufikisha pale unapotaka kufika, lakini safari ni yako.

JUU YA NINI UKWELI HAUPANDI NGAZI

Sisi watu wa Lubumbashi tumeona kwa macho yetu namna mukubwa anabaki peke yake. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa tarehe 28 mwezi wa 10, 1906. Ilijenga kambi, hospitali na masomo, iligawanya posho. Wazee wetu walisema kazi ile ni baba na mama. Mpaka leo, siku yenye kutangulia Siku ya Yenga tunaiita Siku ya Posho. Kampuni ilifundisha watu wetu kazi nyingi: fundi, karani, kapita. Lakini kuongoza haikuwafundisha. Kapita alifundishwa kupokea amri kutoka juu na kuishusha chini. Biro za wakubwa zilikuwa za Wazungu. Siku ya uhuru, tarehe 30 mwezi wa 6, 1960, Wakongomani wenye diploma ya chuo kikuu katika inchi nzima hawakufika 30.

Tarehe 1 mwezi wa 1, 1967 serikali ilichukua mali ya Union Minière, na kampuni yenye ilizaliwa ndiyo tuliita kisha Gécamines. Wakongomani walipanda vyeo mbio. Wengi wao walikuwa watu wa akili na wa bidii, na katika miaka ya 1980 kampuni ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mutu asiseme basi kwamba watu wetu hawakujua kazi.

Kisha mambo yalianguka, na sababu zake zilikuwa nyingi. Pesa ya shaba ilichukuliwa na utawala wa wakati ule, mashine hazikubadilishwa, mgodi wa Kamoto ulibomoka mwezi wa 9, 1990, uporaji wa 1991 ulipita, na wandugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa mwaka wa 1992 na 1993. Mwaka wa 1994 kampuni ilitoa chini ya tani 40,000. Miaka kumi kisha, katika 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa ile yenye waliita départ volontaire, na kuna nyumba nyingi kati yetu zenye hazijasimama tena tangu siku ile. Hatuweki muzigo wote huo juu ya mabega ya madirekta. Lakini tuulize: kati ya wale wenye waliona chini kwamba mambo yanaharibika, nani aliweza kumwambia mukubwa? Katika utawala ule mukubwa aliwekwa kwa ordonansi kutoka Kinshasa, na aliweza kusikia kwenye radio kwamba ametolewa. Alimuogopa mwenye alikuwa juu yake, na wale wa chini walimuogopa yeye. Pahali kama pale habari nzuri inapanda ngazi mbio, habari mbaya inalala chini mpaka nyumba inaungua.

Toka 2005 mpaka 2009 Gécamines iliongozwa na Paul Fortin, mutu wa Kanada. Kuleta mukubwa mwingine ni dawa moja. Kumusindikiza mukubwa mwenye yuko ni dawa nyingine, na ndiyo hiyo tunajifunza leo.

NAMNA KAZI HII INAFANYWA

Makampuni ya dunia hayakuanza nayo jana. General Electric ya Marekani ilifungua shule ya wakubwa wake pale Crotonville, karibu na New York, mwaka wa 1956. Lakini shule peke yake ina uzaifu wake, na kila mwenye alikwenda katika semina anaujua: mutu anarudi na karatasi nzuri, anasema maneno mapya muda wa majuma mawili, kisha anakuwa vile alivyokuwa. Ndiyo sababu watu waliongeza kusindikizwa, ili mafundisho yashuke mpaka katika mukutano wa asubuhi.

Kuna habari moja yenye kujulikana sana. Mwaka wa 2001 Eric Schmidt aliwekwa kuongoza kampuni ya Google. Mumoja wa wenye mali, John Doerr, alimushauri atafute mutu wa kumusindikiza. Schmidt alikataa kwanza, aliona kwamba mukubwa mwenye uzoefu kama wake hana lazima ya jambo hilo. Mutu mwenye aliletwa kwake ni Bill Campbell, mwenye zamani alikuwa kochi wa mupira wa Kimarekani pale chuo kikuu cha Columbia. Mwaka wa 2009 Schmidt alisema mbele ya watu wote kwamba shauri lile lilikuwa bora kupita mashauri yote yenye alipata. Campbell alikufa mwaka wa 2016, na wakubwa wengi wa makampuni makubwa walimulilia.

Sisi hatuna lazima ya kwenda mbali hivyo. Mwezi wa 12, 2010, Tout Puissant Mazembe ya hapa kwetu ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya dunia ya klabu, pale Abu Dhabi. Lamine N'Diaye, mutu wa Senegal, alikuwa kochi. Hakupiga mupira hata mara moja. Hakuna mutu wa Lubumbashi mwenye aliuliza: Kidiaba ni kipa mukubwa hivi, kochi ni wa kazi gani kwake? Juu ya mupira tunaelewa. Juu ya direkta na juu ya muchungaji tunaona haya.

Sasa tuchukue mufano. Ni wa kutunga, lakini mwenye kutumika katika kampuni atamutambua mutu huyu. Direkta wa kiwanda ana watu 600 chini yake. Ni mutu mwema, anaomba, haibi. Kila Siku ya Kwanza anafanya mukutano wa saa mbili. Yeye anasema, maenjenyere wanaandika. Siku moja mukanda wa kubeba mawe unakatika na kiwanda kinasimama siku mbili. Kisha inajulikana kwamba fundi mumoja aliuona unapasuka tangu majuma matatu. Alimwambia kapita, kapita alimwambia enjenyere, enjenyere alinyamaza, sababu mwezi uliotangulia mwenzake alileta habari mbaya katika mukutano na Direkta alimukaripia mbele ya wote.

Direkta huyu anatiwa katika programu. Kwanza wanapatana watu watatu: kampuni, Direkta na musindikizaji. Wanasema wanatafuta nini, kwa miezi mingapi, na kampuni itaambiwa nini. Kampuni itajua kwamba wawili wale wanakutana na kwamba wanafuata kusudi fulani. Maneno yenye Direkta anasema ndani, haitaambiwa. Bila mapatano hayo mukubwa hatafungua kinywa, ataona mupelelezi.

Kisha musindikizaji anauliza watu wenye kutumika na Direkta, wale wa juu yake, wale wa cheo kimoja naye, na wale wa chini, pengine kumi au kumi na watano. Anakusanya majibu bila majina na kumuletea. Siku ile ni nzito. Wakubwa wengi wanakasirika, wanaanza kutafuta: ni nani alisema hivi? Musindikizaji wa kweli hatetei wale waliosema, na hamupakii Direkta mafuta. Anaacha hasira ipite, kisha anauliza. Na maulizo yake ni ya namna hii:

— Papa Direkta, mara ya mwisho mutu wa chini yako alikuletea habari mbaya mapema, mbele haijakuwa hatari, ilikuwa lini?

— Sikumbuki.

— Ni miezi?

— Labda mwaka.

— Na mwaka muzima, katika kiwanda cha watu 600, hakuna kitu chenye kiliharibika?

Pale Direkta anacheka kidogo, kisha hacheki tena.

Angalieni kwamba musindikizaji hakumwambia "wewe ni mukali." Direkta ameliona mwenyewe, na kitu chenye mutu ameona mwenyewe hakikatai. Sasa wanachagua jambo moja la kubadilisha. Wengi wanaharibu hapa, wanachagua mambo matano, na mwezi wa pili hakuna hata moja lenye limebaki. Direkta wetu anachagua hivi: katika mukutano wa Siku ya Kwanza yeye atasema wa mwisho, na mutu akileta habari mbaya, neno lake la kwanza litakuwa asante. Ni jambo dogo kwa kulisema. Kwa mutu mwenye amesema wa kwanza muda wa miaka 15, ni kama kuandika kwa mukono wa kushoto.

Kila baada ya majuma mawili au matatu wanakutana. Siku moja musindikizaji anaomba kukaa katika kona ya mukutano, anahesabu tu nani alisema na kwa dakika ngapi. Anaonyesha hesabu: katika dakika 120, Direkta alisema 95. Mwezi wenye kufuata, 60. Mara moja anaanguka tena, anamukaripia mutu. Wanazungumza juu ya siku ile, nini kilitangulia, alilala saa ngapi, alipigiwa simu na nani. Mwishoni, baada ya miezi sita au kumi na miwili, watu walewale wanaulizwa tena kama wameona badiliko. Mukubwa mwenyewe si shahidi wa kutosha juu ya badiliko lake. Ndiyo, kila mumoja wetu ni mupole katika macho yake mwenyewe.

Na mukubwa wa mukubwa naye awe ndani. Kama yule wa juu kabisa anacheka programu, au anataka kuambiwa siri, wakubwa wa chini watafanya michezo tu na pesa itapotea. Tuseme pia kwamba semina ya siku tatu katika hoteli, pamoja na cheti, picha na pesa ya transpoti, si jambo hili tunazungumzia. Vilevile musindikizaji si munganga. Akiona mutu amezama katika pombe, au anasema maneno ya kukata tamaa ya maisha, amupeleke kwa wenye walijifunza kazi ile, asijitie kuwa daktari.

JUU YA MULANGO WENYE UMEFUNGWA

Waamini wengine wanasema: wakubwa wanaingia katika chumba cha siri, wanatoka na vyeo, hiyo ni loji. Tusicheke ulizo hilo. Katika inchi yetu watu wamesikia habari nyingi za wakubwa wenye kutafuta nguvu pahali pa giza, na mwaamini anafanya vema kuuliza mbele ya kuingia.

Lakini aulize vizuri. Je, mafundisho yenyewe yanaonyeshwa wazi, mutu anaweza kuyasomea muke wake au mume wake mezani? Kuna kiapo? Kuna kitu cha kunywa, cha kuvaa, cha kutamka? Mutu anaweza kuacha bila kutishwa? Kama kuna kiapo, au mafundisho yamefichwa, mwaamini atoke. Kama mafundisho ni wazi na kinachofichwa ni maneno ya mukubwa juu ya makosa yake tu, hiyo si loji, ni adabu. Sisi wenyewe tunajua kwamba mutu mwenye anafungua roho yake mbele ya muchungaji hatarajii kuisikia sokoni kesho yake.

NA SISI KATIKA KANISA?

Hapa tunafika penye kuuma. Kati yetu kuna wachungaji, mashemasi, wasimamizi, viongozi wa vikundi vya wimbo, vya wapiga filimbi na vya fanfare. Wengi wana moto wa kweli. Lakini tuulize kila mumoja lile ulizo la Direkta: mara ya mwisho mwaamini alikuletea habari mbaya juu ya kazi yako, ilikuwa lini?

Watu wanapenda kushika Zaburi 105:15 na kusema kwamba mwenye kupakwa mafuta haguswi. Lakini zaburi ile inasimulia namna Mungu alilinda Abrahamu, Isaka na Yakobo kati ya wafalme wenye wangeweza kuwadhuru. Haisemi kwamba kiongozi hashauriwi. Daudi alikuwa amepakwa mafuta, na Natani aliingia kwake. Hakuanza na hukumu; alisimulia habari ya tajiri mwenye alinyanganya maskini kondoo yake moja, na Daudi mwenyewe akatoa hukumu kwa kinywa chake. Kisha tu Natani akamwambia kwamba mutu yule ni yeye.

Tusichanganye, lakini. Natani alitumwa na Mungu. Musindikizaji hajatumwa hivyo, ni ndugu tu mwenye kusikiliza na kuuliza. Katika kanisa letu tunapenda unabii na ndoto, na hatutaziacha. Sababu hiyohiyo inapasa kusema wazi: mutu asitumie ndoto kwa kusema neno lenye angeweza kusema kwa kinywa chake. Ukiona kwamba hesabu za makusanyo hazisomwi, sema kwamba hesabu hazisomwi. Ukifunika neno lako na unabii, kiongozi hawezi kukujibu, na siku unabii wa kweli utakuja watu hawatautambua. Mara nyingi waamini wanafanya hivyo kwa woga, sababu hakuna njia nyingine ya kusema. Basi tuwape njia.

Apolo alikuwa mutu wa maneno, mwenye kujua Maandiko, na alihubiri kwa bidii. Hakukosa moto, alikosa kipande cha mafundisho. Prisila na Akila hawakusimama katika sinagogi kumurekebisha mbele ya watu. Walimuchukua kando. Walikuwa watu wa kutengeneza mahema, mume na muke, wasio na cheo kama chake cha kusema. Ninyi ba Mama wenye kufikiri kwamba neno lenu haliwezi kusaidia muhubiri, soma tena mistari ile mitatu.

Na tukumbuke muji huu tunamoishi. Kazi ya Papa Simon Kimbangu mbele ya watu ilianza Nkamba tarehe 6 mwezi wa 4, 1921, na alikamatwa mwezi wa 9 wa mwaka uleule. Haikufika miezi sita. Alihukumiwa kufa tarehe 3 mwezi wa 10, hukumu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, na akaletwa hapa, Elisabethville, ndiyo Lubumbashi yetu. Alikaa kifungoni miaka 30, mpaka kufa kwake tarehe 12 mwezi wa 10, 1951. Kazi yenye ingetundikwa juu ya mutu mumoja ingekufa pale kwenye mulango wa gereza. Ilibebwa na Mama Marie Muilu, mwenye alilinda watu katika siri mpaka kufa kwake tarehe 27 mwezi wa 4, 1959, na wana wake walikomaa karibu naye. Ilibebwa na jamaa zenye zilipelekwa mbali kwa relegasyo, wenye majina yao mengi hatuyajui. Tarehe 24 mwezi wa 12, 1959 serikali ilitambua kanisa, na Papa Joseph Diangienda Kuntima aliliongoza mpaka 1992. Wale wazee walijifunza kubeba kazi bila mukubwa karibu. Ni ajabu basi kama sisi, wenye uhuru wa kukutana kila siku, tunajenga parokia yenye haiwezi kufungua mulango kama kiongozi ana malaria.

KWA KUANZA

Hii si amri kutoka Nkamba. Ni shauri la kundi la mafundisho, na wakubwa wa kanisa watalipima. Tunaomba viongozi wachache wenye kutaka, kwa mapenzi yao, wajaribu muda wa miezi sita. Kila mumoja atafute musindikizaji mwenye si wa jamaa yake na si wa chini yake: kiongozi wa parokia nyingine, au muzee mwenye aliongoza watu kazini na sasa amepumuzika. Wakutane mara mbili kwa mwezi, saa moja inatosha. Wachague jambo moja. Waulize waamini kumi mwanzoni na walewale kumi mwishoni, na kati yao wawe wamama na vijana, si wazee tu wenye kukaa kiti cha mbele. Na yule mwenye anasindikiza, kama anaona anaanza kupenda kuambia watu kwamba yeye ndiye nyuma ya kiongozi fulani, aache kazi hiyo mara moja, akumbuke Kutoka 18:27.

Waamini wenye wameingizwa katika programu kama hiyo katika kampuni, tunawaomba wakuje kuzungumza na kundi la mafundisho Siku ya Posho baada ya maombi. Hatutaki siri za kampuni. Tunataka kujua nini kiliwasaidia na nini kilikuwa michezo.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani na katika vikundi: Yetro aliona nini siku ile yenye wazee wa Israeli hawakusema? Juu ya nini enjenyere wa mufano wetu alinyamaza, na wewe ungefanya nini pahali pake? Katika parokia yako, mutu mwenye ameona kosa la kiongozi anapita njia gani leo?

Somo lenye kufuata ni la Rehoboamu na wazee wa baba yake, 1 Wafalme 12:1-16. Kila mutu asome mbele ya kuja, na ahesabu ni siku ngapi mufalme aliomba kabla ya kujibu watu, na alizitumia na nani.